Kuchuja wafanyakazi na kumlinda mtoto katika kambi za vijana za chuo kikuu: mwongozo kamili

Chuo kikuu hakikujengwa kwa ajili ya watoto. Milango yake iko wazi kutwa, wageni wanapita bila kuulizwa waendako, mabweni yana vyumba vya mtu mmoja vinavyofungwa kwa ndani, na karibu kila kanuni ya chuo imeandikwa kwa kumfikiria mtu mzima. Halafu likizo inaingia, wanafunzi wanaondoka, majengo yanabaki matupu, na idara fulani inapata wazo zuri: tulete vijana wa shule. Kambi ya sayansi, ya mpira, ya muziki, ya kuandika programu za kompyuta. Ghafla chuo kimekuwa mlezi wa mamia ya watoto, wengine wanalala humo humo, na hakuna aliyeketi kuuliza nani atakuwa nao saa nne usiku.

Waandaaji wengi wakiulizwa kuhusu usalama hujibu kwamba kila mfanyakazi ataleta cheti cha polisi. Ni vizuri, na hatua hiyo tutaifikia. Lakini cheti humtambua mtu aliyekwisha kukamatwa, akashtakiwa na kutiwa hatiani. Wapo wengi wanaowadhuru watoto ambao hawajawahi kusimama kizimbani. Ndiyo maana nafasi kubwa ya mwongozo huu imekwenda kwenye mambo yasiyo na muhuri: usaili, simu kwa wadhamini, mpangilio wa kambi yenyewe, na njia ya kutoa taarifa.

Hatua ya 1: Jua kambi zote zilizomo chuoni

Kabla ya kuchuja mtu yeyote, andika orodha ya shughuli zote zinazoleta watoto ndani ya chuo. Utashangaa. Ofisi kuu huwa inazijua chache tu, kwa sababu kila idara, timu na maabara ina yake.

Shughuli hizo ni za aina tatu. Kuna kambi za chuo chenyewe. Kuna kambi za mtu wa chuo, kama kocha au mhadhiri, anayeziendesha kwa jina lake binafsi lakini kwenye viwanja na majengo ya chuo. Na kuna vikundi vya nje vinavyokodi ukumbi au mabweni. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazoponyoka, maana kila upande hudhani mwenzake ndiye amewakagua wafanyakazi. Dawa yake ni kifungu ndani ya mkataba wa kukodi: kikundi kifuate kanuni za chuo za kumlinda mtoto, kilete uthibitisho wa ukaguzi wa watu wake wiki kadhaa kabla ya kuanza, na kisipoleta, funguo hazitolewi. Mzazi akisikia mwanawe amedhurika katika chuo fulani hatauliza jengo lilikuwa limekodiwa na nani.

Mtoto hapa ni kila aliye chini ya miaka 18, kama unavyoeleza Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989. Sera za vyuo vingi huwatenga wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao hawajatimiza umri huo, kwa kuwa wao wamesajiliwa kama wanafunzi wa kawaida na wana taratibu zao. Lakini mwanafunzi huyo huyo wa miaka 17 akija kambini kama mshiriki, yeye ni mtoto kama wenzake.

Hatua ya 2: Mpe mtu mmoja jukumu, na meno

Teua afisa wa ulinzi wa mtoto. Asiwe mkurugenzi wa kambi, kwa sababu mkurugenzi ana bajeti ya kutetea, ratiba ya kukimbiza na marafiki miongoni mwa wakufunzi. Afisa huyu awe na uwezo wa kufanya mambo matatu bila kuomba ruhusa: kumkataa mtu asiajiriwe, kumwondoa mfanyakazi kambini siku hiyo hiyo, na kuisimamisha kambi isiyotimiza masharti. Asiyeweza kusema hapana akasikilizwa ni karani tu.

Teua na msaidizi wake, wa jinsia tofauti kama inawezekana. Mmoja akiwa safarini au akitajwa yeye mwenyewe kwenye malalamiko, kuna wa pili. Namba zao ziandikwe kila mahali, zikiwemo kuta za bwenini zinazoonwa na watoto.

Hatua ya 3: Nani anachujwa?

Jibu fupi ni kila mtu atakayekuwa na watoto au atakayeweza kuwafikia. Hapa ndipo vyuo hukosea zaidi, kwa kuwachuja vibarua wa kambi na kuwaacha wakubwa. Profesa mashuhuri anayekuja kutoa mhadhara mmoja, kocha aliyestaafu, mfadhili anayependa kushinda na vijana, mpiga picha, dereva, mlinzi wa bweni: wote wana njia ya kumfikia mtoto.

Kwa vitendo, wagawe makundi mawili. La kwanza ni wanaokaa na watoto kwa kurudia-rudia, au usiku, au wenye mamlaka juu yao. Hao wapitie hatua zote bila kujali cheo, awe analipwa au anajitolea. La pili ni wanaopita mara moja, kama mgeni wa mhadhara. Hao hawalazimiki kupitia uchunguzi wote, ila wawe na mfanyakazi aliyechujwa pembeni yao tangu wanapoingia hadi wanapotoka, bila dakika ya kuachwa.

Cheo kisimwokoe mtu. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani. Jerry Sandusky, kocha msaidizi wa mpira wa Kimarekani, alistaafu mwaka 1999, lakini aliendelea kuwa na heshima za mstaafu, na pamoja nazo nafasi ya kuingia katika majengo ya timu. Alikamatwa mwezi Novemba 2011, na Juni 2012 akatiwa hatiani kwa makosa 45 ya kuwadhulumu watoto kingono. Taarifa ya uchunguzi huru ulioongozwa na Louis Freeh, iliyotoka Julai 2012, ilikutaja kuingia-ingia huko kama sehemu ya tatizo. Kwa hiyo katika orodha yako, jiulize pia: nani hayumo kwenye kambi yetu lakini ana ufunguo wa bweni?

Hatua ya 4: Tangazo la kazi na fomu

Uchujaji unaanza kwenye tangazo lenyewe. Sema waziwazi kwamba nafasi inahusu watoto, kwamba kutakuwa na uchunguzi wa rekodi za jinai, simu kwa wadhamini na kanuni kali za mwenendo. Baadhi ya wenye nia mbaya hujiondoa hapo, na hutajua kamwe ni wangapi.

Fomu iulize majina yote ambayo mtu amewahi kutumia, anwani na nchi alizoishi, na historia yote ya kazi na kujitolea bila kuruka miaka. Ipo sababu ya kusisitiza majina. Mwaka 2002 katika mji mdogo wa Soham, Uingereza, mtunza majengo wa shule aitwaye Ian Huntley aliwaua wasichana wawili wa miaka 10. Alikuwa ameomba kazi kwa jina la Ian Nixon, na uchunguzi uliofuata, ulioongozwa na Michael Bichard, ulibaini kwamba polisi walilitafuta jina hilo tu. Zaidi ya hapo, tuhuma za huko nyuma alizokuwa nazo katika eneo jingine hazikufika kwa waliokuwa wakimkagua, maana hakuwa ametiwa hatiani kwa hizo. Tukio hilo ndilo lililoifanya Uingereza ipange upya mfumo wake wa ukaguzi, ambao leo unaendeshwa na taasisi iitwayo Disclosure and Barring Service, iliyoanza kazi Desemba 2012.

Ambatanisha tamko la kusaini: kwamba mwombaji hajawahi kutiwa hatiani wala kuchunguzwa, kuadhibiwa kazini au kuondolewa mahali popote kwa jambo linalohusu watoto; na kama amewahi, aeleze. Mwongo anaweza kusaini, ndiyo. Lakini ukigundua uongo baadaye, una sababu ya kumwondoa palepale bila mabishano.

Hatua ya 5: Usaili wa ana kwa ana

Nafasi za kambi hujazwa haraka, mara nyingi na wanafunzi wanaojuana. "Mlete mwenzako wa chumba, ni mtu poa." Usikubali. Kila mmoja asailiwe, hata kwa video, na wasaili wawe wawili.

Maswali ya jumla kama "unapenda watoto?" hayana kazi, hakuna atakayesema hapana. Mpe hali halisi umsikilize anavyofikiri:

Ni saa tano usiku. Kijana wa miaka 13 anagonga mlango wako akilia, anataka kuzungumza na wewe peke yako. Unafanyaje?

Jibu unalolitafuta si la ukakamavu wala la huruma tupu. Unataka mtu atakayesema atamsikiliza mtoto, lakini watatoka wakae ukumbini ambako wanaonekana, au atamwita mfanyakazi wa pili akae karibu, na baadaye ataandika na kumjulisha kiongozi. Anayesema "ningemwingiza ndani atulie" si lazima awe mtu mbaya. Huenda ana moyo mzuri na hajafundishwa. Mwambie kanuni ni ipi, halafu uangalie anavyopokea. Akielewa na kuuliza maswali, sawa. Akianza kubisha kwamba kanuni hizo zinaua ukaribu na watoto, kwamba yeye ni tofauti, kwamba watoto wanamwamini kuliko wazazi wao, hapo simamisha kalamu.

Uliza pia kwa nini anataka kufanya kazi na watoto wa umri huo hasa, aliwahi kutofautiana na mwenzake kuhusu namna ya kumshughulikia mtoto, na miaka iliyo wazi kwenye historia yake ya kazi alikuwa wapi. Andikeni majibu wakati ule ule. Kumbukumbu ya wiki mbili baadaye ni hadithi.

Hatua ya 6: Pigia simu wadhamini

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu inachosha. Barua ya udhamini ni karatasi. Huandikwa kwa adabu na mara nyingine huandikwa na mwombaji mwenyewe. Simu ni jambo jingine.

Dai wadhamini watatu, mmoja wao awe aliyemsimamia kazini au katika kujitolea na watoto, kama ana historia hiyo. Ndugu na marafiki hawahesabiki. Usitumie namba iliyoandikwa kwenye fomu peke yake. Itafute namba ya taasisi, piga huko, uombe kuunganishwa na mhusika. Hatua hiyo ndogo huwaumbua wadhamini wa kubuni.

Ukimpata, mweleze kazi ni ipi, useme wazi kwamba mtu huyu atalala jengo moja na watoto. Kisha: Umemjua kwa namna gani na tangu lini? Ulimwona akiwa na watoto? Kuna wakati alipuuza kanuni au alihitaji kukumbushwa mipaka? Unajua sababu yoyote ya kumzuia asifanye kazi na watoto? Na la mwisho: ungemwajiri tena kwa kazi kama hii?

Sikiliza kunyamaza. Mdhamini akivuta pumzi, akasema "mimi nathibitisha tarehe za ajira tu," inaweza kuwa ni sera ya kwao, kwa hiyo usimhukumu mwombaji, ila mpigie mwingine. Lakini akijibu maswali mengine yote kwa ukunjufu halafu akaanza kumung'unya maneno kwenye lile la watoto, umepata habari ambayo hakuna cheti kingekupa.

Hatua ya 7: Rekodi za jinai na rejesta za watoto

Sasa vyeti. Fahamu kwanza kwamba katika nchi nyingi rekodi ya jinai na rejesta ya watu wasiofaa kufanya kazi na watoto ni vitu viwili tofauti, vinavyotunzwa na ofisi mbili tofauti. Jimbo la Pennsylvania, baada ya sakata la Penn State, lilibana sheria zake. Wafanyakazi wa watoto wanahitaji rekodi ya polisi wa jimbo, uthibitisho wa rejesta ya unyanyasaji wa watoto, na uchunguzi wa alama za vidole wa FBI, na vyote hurudiwa kila miezi 60. Afrika Kusini ina sehemu maalumu ndani ya rejesta yake ya taifa ya ulinzi wa watoto kwa ajili ya watu waliozuiwa kufanya kazi na watoto. Ulizia kwenu kuna nini: polisi, ustawi wa jamii, mahakama, bodi za taaluma kama ya walimu au ya madaktari. Kagua kila kilichopo.

Aliyeishi nchi nyingine alete cheti cha huko. Kama hakipatikani, ongeza mdhamini wa nchi hiyo, na asipangiwe zamu za usiku.

Angalia tarehe za vyeti, na anza mapema. Alama za vidole zinaweza kuchukua wiki nyingi, na kambi haisubiri. Kanuni iwe moja: jibu halijafika, mtu haingii. Usikubali ile ya "aanze kazi, karatasi zitafuata". Wiki ya kambi huisha kabla karatasi hazijafika.

Na jibu likirudi na doa? Usiwe na haraka pande zote mbili. Makosa dhidi ya watoto, makosa ya kingono na ya ukatili mkubwa ni mlango kufungwa, hakuna majadiliano. Mengine yapimwe na watu wawili au watatu, akiwemo afisa wa ulinzi wa mtoto: kosa gani, lini, alikuwa na umri gani, linahusianaje na kazi. Kijana aliyefungiwa leseni kwa mwendo kasi anaweza kufundisha kinanda bila tatizo. Asiendeshe basi la kambi tu. Mpe nafasi ya kujieleza kabla ya kuamua, maana rekodi nazo hukosewa. Matokeo yaonwe na wale tu wanaoamua, yafungiwe, yasizunguke kwenye barua pepe za idara.

Hatua ya 8: Mafunzo, tena kabla ya siku ya kwanza

Mafunzo ya asubuhi ya ufunguzi, huku mabasi yanaingia getini, ni ya kujifurahisha. Yafanyike siku kadhaa kabla, yawe na mtihani mfupi, na asiyehudhuria asifanye kazi. Texas, kwa mfano, inawataka kisheria wafanyakazi wa kambi za vyuoni kupata mafunzo ya kutambua unyanyasaji wa kingono na kufaulu mtihani wake.

Fundisha mambo mawili kwa kina. La kwanza ni namna mtoto anavyorubuniwa. Haianzi na tendo baya. Inaanza na upendeleo: zawadi ndogo, simu ya kuazimwa, kumruhusu avunje kanuni ndogo, siri ya wawili, kumtenga na wenzake, kujifanya ndiye pekee anayemwelewa. Kila kimoja peke yake kinaonekana wema. Ndiyo maana wafanyakazi wafundishwe kuripoti kuvunjwa kwa mipaka hata pasipo tuhuma ya kosa. La pili ni namna ya kutoa taarifa, ambayo tutaifikia.

Hatua ya 9: Kanuni za mwenendo kambini

Kanuni ya kwanza, nyingine zote zikisahaulika: mtu mzima mmoja na mtoto mmoja wasikae mahali wasipoonekana. Si kwa dakika tano, si kwa somo la fidla, si kwa gari la kumrudisha aliyechelewa. Mafunzo ya mmoja mmoja yafanywe mlango ukiwa wazi au kwenye chumba chenye kioo, na msimamizi apitepite bila taarifa. Safari ya gari iwe na watu wazima wawili, au mtu mzima mmoja na watoto zaidi ya mmoja, huku ofisi ikijua saa ya kuondoka na ya kufika.

Bafu na vyoo: watu wazima na watoto wasitumie wakati mmoja. Msimamizi husimama nje, anasikia, haangalii. Mabweni ya chuo yana mabafu ya pamoja, kwa hiyo panga saa, zibandike mlangoni.

Usiku: mfanyakazi hataingia chumba cha watoto peke yake, isipokuwa kwa dharura ya maisha, na hapo anaita mwenzake huku anaingia. Watoto walale na wa umri wao, si wa miaka 10 na wa miaka 17 chumba kimoja. Wanafunzi wa chuo waliobaki likizoni wasikae ghorofa moja nao. Kadi za milango za wakazi wa zamani zizimwe kabla watoto hawajaingia. Ni kazi ya nusu saa kwa watu wa mitambo, na karibu kila mahali hakuna aliyewaomba.

Simu na mitandao: mawasiliano yote yapite kwenye kundi la kambi lenye viongozi wawili ndani yake, au kupitia wazazi. Hakuna ujumbe wa faragha, hakuna urafiki wa mitandaoni, wakati wa kambi wala baada yake. Hili la "baada yake" lisemwe kwa sauti, kwa sababu mkufunzi wa miaka 20 na mshiriki wa miaka 16 huona kambi ikiisha na kanuni zimeisha. Picha zipigwe kwa kifaa cha kambi, baada ya idhini ya mzazi, na kamwe si bwenini wala bafuni.

Mguso: kupeana mkono, kupongezana kwa viganja, bega kwa bega, hadharani na mtoto akiwa ameridhia. Kocha anayerekebisha mkao aseme kwanza anachotaka kufanya, na akubali kukataliwa.

Chumba cha matibabu kina hatari yake, maana pale mlango uliofungwa unaonekana wa kawaida. Larry Nassar, daktari wa Chuo Kikuu cha Michigan State, aliwadhulumu mamia ya wasichana kwa kisingizio cha tiba. Baada ya malalamiko ya mwaka 2014 aliwekewa masharti, likiwemo la kuwa na mtu mwingine chumbani, lakini hakuna aliyefuatilia kama anayatimiza. Hivyo basi, weka shahidi kwenye kila uchunguzi wa mwili, na mtu wa tatu wa kukagua kama shahidi alikuwepo kweli.

Idadi ya wasimamizi nayo ni kinga. American Camp Association, chama cha kambi cha Marekani, hupendekeza kwa kambi za kulala mtu mzima mmoja kwa watoto 6 wa miaka 6 hadi 8, watoto 8 kwa miaka 9 hadi 14, na 10 kwa miaka 15 hadi 18. Kambi za kutwa huruhusiwa watoto wawili zaidi katika kila kundi. Wasaidizi walio chini ya miaka 18 usiwahesabu. Wao pia ni watoto wa kulindwa. Na hesabu hizo zisikufanye uwe na mtu mmoja tu kwa sababu watoto ni sita. Wawili ndio mwanzo.

Usisahau kwamba watoto huumizana wenyewe. Uonevu, vitisho na unyanyasaji wa kingono kati ya mtoto na mtoto hutokea kambini, hasa saa zisizo na ratiba: baada ya chakula, kabla ya kulala, safarini. Ukitaka kujua pengo lako liko wapi, chukua ratiba, tia mstari kwenye kila saa iliyoandikwa "mapumziko", na uandike jina la aliyepo zamu. Kama huna jina la kuandika, huna msimamizi.

Hatua ya 10: Taarifa ikitokea

Rudi Penn State, mwaka 2001. Msaidizi wa timu alimwona Sandusky na mvulana bafuni. Akamwambia kocha mkuu. Kocha akawaambia wakubwa, wakubwa wakazungumza wao kwa wao, na hakuna hata mmoja aliyewapigia polisi au idara ya watoto. Mwaka 2017 aliyekuwa rais wa chuo na maafisa wake wawili wa zamani walitiwa hatiani kwa kuhatarisha ustawi wa watoto. Habari ilipanda ngazi zote ikafia juu.

Kwa hiyo andika hivi: aliyeona au aliyeambiwa anaripoti yeye mwenyewe, moja kwa moja, kwa mamlaka ya nje, kisha anamjulisha afisa wa ulinzi wa mtoto. Kumwambia bosi si kuripoti. Pennsylvania yenyewe iliiweka kanuni hiyo kwenye sheria zake baadaye. Weka namba kwenye kitambulisho cha kila mfanyakazi: polisi, ustawi wa jamii, na simu ya watoto. Katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, simu ya watoto ni 116. Nchi nyingi za Ulaya hutumia 116 111. Hakuna haja ya ushahidi wala uhakika. Shaka yenye sababu inatosha. Anayepima ukweli ni mpelelezi.

Mtoto akikufungukia, sikiliza. Usionyeshe kushtuka, usimkatize, usimuulize "kwa nini hukukimbia". Usimwahidi siri, mwambie umemsikia, kwamba alivyofanya kusema ni vizuri, na kwamba lazima uwaambie watu wanaoweza kumsaidia. Maswali yako yawe machache na ya wazi, kama "halafu ikawaje?", kwa sababu swali la kumwekea jibu mdomoni linaweza kuharibu kesi. Ukitoka, andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya kitoto au ya aibu, na saa na mahali. Usiyasafishe.

Kisha, kwa mpangilio huu: mtoto awe salama na apate matibabu, mamlaka ipigiwe, mtuhumiwa aondolewe kwenye watoto wote, si kuhamishiwa kundi lingine, vitu na mahali pasiguswe, mzazi ajulishwe kama mamlaka itakavyoelekeza, hasa pale anayetajwa ni wa nyumbani kwa mtoto. Chuo kisianzishe mahojiano yake kabla ya polisi. Na mtu wa mawasiliano wa chuo asiwe ndani ya chumba wakati uamuzi wa kuripoti unafanywa. Jina zuri la chuo halina kiti kwenye meza hiyo.

Aliyeripoti kwa nia njema alindwe, hata ikibainika alikosea. Akiadhibiwa mmoja, wengine wote watafunga midomo msimu ujao.

Hatua ya 11: Waambie watoto na wazazi

Kanuni zinazojulikana na wafanyakazi tu zina nguvu nusu. Jioni ya kwanza, wape watoto kwa lugha yao: hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kuwa na wewe peke yako mahali pa kujificha, hakuna siri kati yako na mwalimu, unaweza kupiga simu nyumbani wakati wowote, ukiona kitu hakikukalii vizuri, mwambie huyu au huyu. Waonyeshe sura za wahusika. Kambi inayowanyima watoto simu zao siku nzima iwe na simu nyingine wanayoweza kuifikia bila kumuomba msimamizi wao.

Wazazi wapewe kanuni zile zile kwa maandishi wakati wa kujiandikisha, pamoja na fomu ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Anayekuja kumchukua aonyeshe kitambulisho kila siku, hata babu anayejulikana. Mfanyakazi asichoke kuuliza, na mzazi asikasirike kuulizwa.

Hatua ya 12: Baada ya kambi

Kusanyeni funguo na kadi siku ya mwisho, zihesabiwe kwa majina. Wahojini wafanyakazi wachache na watoto wachache, kwa maswali mafupi: wapi hukujisikia salama, kanuni gani haikufuatwa. Majibu yaende kwa afisa, si kwa mkurugenzi peke yake.

Tunza fomu, majibu ya wadhamini, mahudhurio ya mafunzo, ratiba za zamu na taarifa zote za matukio kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Walioumizwa utotoni mara nyingi husema wakiwa watu wazima, na sheria za nchi kadhaa zimewaongezea muda wa kushtaki. Vyeti vya rekodi za jinai ni tofauti, kwani sheria za faragha huweza kutaka viharibiwe baada ya uamuzi; hapo bakiza kumbukumbu ya tarehe ya ukaguzi, aliyeukagua na uamuzi. Mfanyakazi aliyeondolewa kwa kuvunja mipaka aandikwe kwenye orodha ya ndani ya chuo ili idara nyingine isimwajiri mwakani, na mwingine akikupigia simu kumuulizia, mjibu ukweli kwa kadiri sheria inavyokuruhusu.